Mtoto Asiyefumba Macho

Kisumu,
11 Februari 2024

Mulembe, Dada Nangila!

Kaa kitako kwanza, maana habari ninayokuletea si ya kusoma umesimama. Bahati imenikumbuka mimi, mtoto wa mama yako. Miaka yote ilikuwa ikipita mlangoni kwangu kama askari wa kanjo anayetafuta mtu mwingine, lakini mwaka huu imepiga hodi, imeingia, imevua viatu. Ukiniona leo utauliza, huyu ni waziri wa nini?

Salamu kwanza, nisije nikaitwa mshenzi. Sisi hatujambo. Shangazi Nanyama kule Kimilili magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja. Ng'ombe wake amezaa ndama jike. Mvua haijaanza, jua la hapa linachoma mpaka mbwa wanatembea wakirukaruka.

Najua ulivyosema uliponifungia simu. Ulisema, "Robinson, ukitaka kuongea na mimi, andika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza." Basi naandika. Siku ile ya mazishi ya mama tulirushiana maneno, wewe huko kwenye kioo cha simu, mimi hapa kando ya shimo na koleo mkononi. Sitayarudia. Wewe umefunga simu, lakini posta bado iko wazi.

Sasa sikia. Mwaka jana pale sokoni Kibuye nilifungua robota la mitumba ya vitu vya watoto. Nikakuta doli, Dada. Doli watupu, na wote wazungu, wamelala pamoja na macho yao ya bluu, wakanitazama kana kwamba nimechelewa kazini. Mama mmoja akaokota mmoja, akamgeuza huku na huku, akaniuliza, "Robinson, huyu akilia usiku nitambembeleza kwa lugha gani?" Soko zima likacheka. Mimi sikucheka. Mimi nikapata wazo.

Leo ndugu yako ana kiwanda. Kiwanda cha doli weusi! Kuna wa rangi ya chai ya maziwa, wa rangi ya chai ya rangi, na wa rangi ya sufuria iliyopika chai hiyo. Wanawake wanane wanashona, cherehani za umeme zinanguruma, kibao kiko mlangoni. Nakuru wanaagiza, Kampala wanaagiza. Watu hawaniiti Robinson tena, wananiita Dairekta. Mimi niliyeachia shule Fomu Tu!

Neno moja dogo la mwisho. Kaburi la mama bado ni udongo, na nyasi imeanza kulizoea. Shangazi anasema jiwe la kwanza huwekwa na mtoto mkubwa. Mkubwa ni wewe. Utakuja lini?

Mimi nduguyo,
Robinson Wepukhulu (Dairekta)


Baltimore,
10 Machi 2024

Ndugu yangu Robinson,

Mulembe nawe. Mimi ni mzima. Huku theluji imeyeyuka, ila baridi imebaki kama mgeni asiyejua kuaga. Msalimie Shangazi, mwambie apake magoti yake ile dawa niliyotuma, asimpake ng'ombe kama mara ile.

Nimefurahi kusikia umekuwa Dairekta. Nakumbuka ulipokuwa mfugaji mkubwa wa kuku, wakafa wote kabla ya mmoja wao kutaga. Kabla ya hapo ulikuwa mwenyekiti wa chama ambacho mwanachama pekee alikuwa wewe. Lakini binadamu hubadilika, na nakuombea kwa Wele, Mungu wetu, iwe kweli, kwa sababu safari hii nina shida na kiwanda chako.

Unajua ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Wale waliopoteza kumbukumbu hupewa mwanasesere wa kushika. Usicheke. Nimeona mzee aliyekuwa akilia tangu asubuhi akipewa yule mtoto wa plastiki, akanyamaza, akaanza kumpigapiga mgongo. Mikono ndiyo husahau mwisho.

Kuna bibi mmoja, Bi Ernestine, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa kusini kwenye mashamba ya pamba. Tangu akiwa msichana mpaka alipochoka alikuwa akilea watoto wa wazungu na kulala nyumbani kwao. Naye walimpa mwanasesere, mweupe, maana ndio waliokuwa kabatini. Tangu siku hiyo Bi Ernestine hapumziki. Anatembea na yule mtoto koridoni kutoka dirisha hadi dirisha, akichungulia nje.

"Nangila," ananiuliza, "wenyewe wanarudi saa ngapi?"

"Wenyewe nani, mama?"

"Wenye mtoto."

Namwambia aketi kidogo. Anakitazama kiti, kisha ananinong'oneza, "Kwenye kiti chao?"

Umeelewa, Robinson? Tulidhani tumempa mtoto. Kumbe tumempa kazi.

Nilienda dukani kwa pesa yangu nikamnunulia wa kahawia. Alimshika, akamkuna shingoni kwa ukucha, akanirudishia. "Huyu ni yuleyule," akasema, "wamemchovya tu." Nikatazama, na ni kweli. Pua ileile, midomo ileile, ni kalibu moja, wamebadilisha rangi. Anasema bibi yake alikuwa akiwashonea wa kitambaa, kutoka kwenye gunia la unga, akilipaka rangi kwa maganda ya jozi, na uzito wake ulikuwa wa mtoto kweli.

Msimamizi amesema Bi Ernestine asipotulia atahamishiwa ghorofa ya tatu. Kule milango hufunguliwa kwa namba, na watu hupewa dawa mpaka miguu inasahau. Sijamwona mtu akishuka kutoka kule isipokuwa amefunikwa.

Nishonee mmoja. Wa kitambaa, mweusi, mzito. Kama kiwanda kipo, haitakuwa taabu.

Dada yako,
Nangila


Kisumu,
4 Aprili 2024

Dada mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, maana mvua sasa imekuja yote kwa mara moja. Shangazi ameapa hakumpaka ng'ombe dawa yako. Anasema ng'ombe alijipaka mwenyewe. Habari ya kuja naona imeteleza mahali fulani kati ya Baltimore na hapa. Posta za siku hizi!

Mtoto wa Bi Ernestine amezaliwa, na yumo ndani ya kifurushi hiki. Kazi hii sikumpa mfanyakazi yeyote tu, nilimpa fundi wangu mkuu, Anyango. Ni mzaliwa wa Usenge, mjane, anaishi karibu na Dunga, mikono yake ukiipa gunia itakurudishia koti. Nilimfuata barazani kwake (siku hiyo kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa ukaguzi), nikamsomea barua yako neno kwa neno. Alisimamisha cherehani. Nilipofika pale pa kiti akasema, "Ooyo," yaani hapana kwa Kijaluo, akatikisa kichwa.

Kisha akaniuliza, "Pua ya nani?"

"Pua tu."

"Hakuna pua tu. Kila pua ina mwenyewe."

Nikamwambia achukue yangu, niko tayari kusaidia Amerika. Akanitazama kutoka kulia, akanitazama kutoka kushoto.

"Jamwa wewe," akasema, "tunataka mama wa watu atulie, hatutaki akimbie."

Ananiita jamwa kwa sababu mimi si Mjaluo. Namwachia. Fundi mzuri huvumiliwa kama jino.

Basi akachukua pua ya dadake mdogo. Ngozi ni kitambaa cha sare ya shule, ile kahawia inayovumilia makofi ya walimu. Nywele ni uzi wa sufu, amezisuka mistari, tena kwa kulalamika kwamba mtoto hatulii. Na tumboni, hapa mimi ndiye nilitoa ufundi: jeans, Dada! Nilichana zile kuukuu zisizouzika, tukazishindilia mpaka mtoto akawa mzito kama aliyetoka hospitali leo. Hebu fikiria, suruali zimetoka Amerika zikiwa nguo za mtu, zinarudi Amerika zikiwa tumbo la mtoto wa Kisumu. Hata rais hajazunguka hivyo.

Macho amemshonea makubwa, wazi kabisa. Nilimwambia yanafanana na ya mtu aliyekutana na polisi bila kitambulisho. Akasema hayo ndiyo macho, nisiguse.

Unakumbuka mtoto wako wa kwanza? Hindi bichi, na nywele zake zile nyekundu za hindi, ukampa jina Rosa. Nikamchoma, nikamla. Ulinilaani mpaka mwaka huu ndipo laana ikaisha nguvu na kiwanda kikafunguka.

Nduguyo,
Robinson, D.


Baltimore,
26 Mei 2024

Robinson,

Mko salama? Nimeona picha za mafuriko. Nimeona Ahero mpunga wote umekuwa ziwa, na nyumba za Dunga zimesimama majini kama ndege. Hukuandika, na mimi sikupiga simu. Niliishika mkononi, nikairudisha mfukoni. Andika upesi.

Kifurushi kilifika kimekatwa. Watu wa forodha walimpasua mtoto tumbo, nadhani walifikiri amebeba dawa za kulevya. Wakakuta jeans, wakamfunga kwa gundi ya karatasi, wakampitisha. Nilimpeleka kwa Bi Ernestine hivyohivyo, bandeji tumboni.

Alikuwa amesimama dirishani. Nikamwekea mikononi bila kusema neno. Mikono ilishuka kidogo kwa uzito, na nikaona uso wake ukishtuka. Akamnusa. Akapitisha kidole kwenye mistari ya nywele.

"Nani amemfanyia mtoto wangu upasuaji?"

"Amepona, mama," nikasema. "Hawakuona ugonjwa."

"Lorraine," akamwambia doli, "wamekufanya nini?" Halafu, Robinson, akaketi. Kwenye kile kiti. Hakumwomba mtu ruhusa.

Lorraine ni binti yake. Wa kweli ni mzee sasa, yuko California, haji. Alilelewa na bibi yake kijijini, maana mama alikuwa akilala kazini akiwabembeleza watoto wa wengine. Siku akili yake ikiwa wazi Bi Ernestine hunisimulia. Mwanasesere wa kwanza wa Lorraine alikuwa mweupe, mguu mmoja, wenyewe walikuwa wamemtupa. Dukani weusi walikuwapo, lakini walishonwa ili watu wawacheke: midomo kama soli ya kiatu, nguo matambara. Nani atamnunulia mwanawe kicheko?

Nilienda maktaba kuuliza. Wakaniambia zaidi ya miaka mia iliyopita watu weusi wa kanisa walianza wenyewe kuwauzia watoto wao wanasesere weusi wenye nguo nzuri, ili msichana awe na mtoto anayefanana naye. Na baadaye wataalamu wawili, mke na mume, weusi, wakawawekea watoto wanasesere wa rangi mbili mezani, wakauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Majibu yalibebwa mpaka mahakama ya juu kabisa, kwenye kesi ya kutenganisha shule. Wanasesere, Robinson, wakatoa ushahidi. Nilikaa pale maktaba nikasahau kula.

Lakini furaha ilikuwa ya siku chache. Sasa halali kabisa. Wa zamu ya usiku wanasema anamtikisa mtoto mpaka asubuhi. Nilimuuliza kwa nini hamweki chini. "Nimwekeje," akasema, "na yuko macho?"

Macho! Yale macho yenu makubwa. Kila akimtazama, mtoto anamtazama. Kile cha plastiki ukikilaza kinafumba. Huyu hafumbi.

Msimamizi ametupa mpaka mwisho wa kiangazi. Mwambie fundi wako anishonee mwingine, macho yafumbe. Ni mistari miwili ya uzi. Kwa wanawake wanane ni kazi ya kabla ya chai.

Nangila


Kisumu,
7 Julai 2024

Dada,

Tuko hai. Maji yaliingia barazani kwa Anyango, akapandisha cherehani juu ya meza, na meza juu ya matofali, na yeye juu ya meza, akaendelea kushona. Shangazi Nanyama amekasirika kwamba mafuriko hayakufika Kimilili, anasema serikali inapendelea.

Kuhusu yale macho. Mashine ya macho imeharibika, na spea zinatoka Uchina...

Hapana. Nimeandika mstari huo nikajitazama. Hakuna mashine ya macho, Dada, macho yanashonwa kwa sindano na mkono. Ukweli ni kwamba Anyango amekataa. Nilianza kwa mzaha, kama kawaida yangu.

"Mistari miwili tu," nikamwambia. "Hata mimi naweza."

"Basi shona."

"Wewe ndiye fundi."

"Mimi sishoni mtu aliyefumba macho, Robinson. Uso wa mtu, amelala, amefungwa kitambaa? Ooyo. Tafuta mwingine."

Nikacheka, nikasema huyo ni doli, Anyango, tumbo lake ni suruali. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo muda wote nimemjua hakuwahi kuniambia.

Mume wake, Dalmas, alikuwa mvuvi wa omena kule Usenge. Boti lilirudi bila yeye. Walimtafuta mpaka upande wa Uganda, hawakumpata. Sasa wewe unajua Wajaluo, mtu hawezi kukaa bila kaburi. Mwili usipopatikana huchukua tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, linavikwa kitambaa, linalazwa, linaliliwa, linazikwa. Ndivyo walivyofanya. Anyango ndiye aliyeshona kile kitambaa, maana yeye ndiye fundi. Aliambiwa akifunge vizuri upande wa kichwa.

"Nilishona," akasema. "Walizika. Wakaniambia sasa nenda upumzike. Mpaka leo mtu akigonga mlango jioni, mimi huangalia miguu yake kwanza, kama imelowa."

Ndiyo maana macho yako wazi, Dada. Si ukaidi. Yeye anachoshona lazima kionekane kinaishi.

Nilikwenda nyumbani nikajaribu mwenyewe. Nilichukua kipande cha sare, nikajaza, nikafumba macho kwa uzi. Alitoka kama mzee mwenye jino bovu anayesikiliza taarifa ya habari. Nilimwonyesha Anyango ili acheke, akampindua uso chini mezani, akaniambia nimtoe hapo. Nimemfumua.

Kwa hiyo kifurushi hakuna. Najua kiangazi kinaisha. Natembea hapa sokoni kama Bi Ernestine, dirisha hadi dirisha, na sina wazo hata moja, mimi mwenye mawazo ya kugawa bure. Nisamehe. Kama kuna mtu huko anayeweza kufumba macho kwa kalamu, mwambie afumbe. Mimi siwezi kumrudia Anyango.

Nduguyo,
Robinson


Baltimore,
18 Agosti 2024

Robinson, ndugu yangu,

Barua yako niliisoma kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilikasirika kwanza. Nilisema, bibi wa watu anakwenda kufungiwa kwa sababu ya tunda. Niliendelea kukasirika mpaka nikafika pale pa miguu iliyolowa. Nikaikunja.

Kalamu ninayo. Nilitoka nayo mkononi, sikufichi, nikamfuata Bi Ernestine nimfumbe yule mtoto macho. Alikuwa koridoni, mchana kweupe, amembeba mbele kwa mikono yote miwili, uso kwa uso, viwiko vinatetemeka. Alinitazama akasema, "Siwezi kumwangusha, na siwezi kumshika." Nikarudisha kalamu mfukoni.

Nilikuwa na leso begani, baridi ya ile mashine ya hewa hunitesa. Nikamgeuza taratibu, nikamwinamisha, nikampandisha mtoto mgongoni, nikafunga, fundo juu ya kifua, kama tunavyofunga sisi. Kwao hawabebi hivyo. Niliogopa atapiga kelele. Akasimama wima. Akanyoosha mikono mbele yake akaitazama, mitupu. Akapeleka kiganja nyuma, akapima makalio ya mtoto, akakirudisha.

"Yuko macho?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Simwoni uso."

"Na mimi simwoni," akasema. Akaanza kutikisika kidogo, kushoto kulia. Hakuna aliyemfundisha. Baada ya muda akasema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, "Amelala. Nausikia uzito wake." Akaenda kitandani kwake akalala kwa ubavu, viatu miguuni, mtoto mgongoni, mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Analala hivyo tangu siku ile. Msimamizi amekuja kutazama mara tatu. Ghorofa ya tatu haitajwi tena.

Sasa sikiliza, Dairekta. Msimamizi ana nyumba nyingine za wazee, na wazee weusi ndani yake ni wengi, na makabati yao ni yaleyale. Anataka wanasesere arobaini kama Lorraine, kila mmoja na leso yake. Nilimwambia habari za kiwanda chako, wanawake wanane, cherehani za umeme, kibao mlangoni. Alifurahi mno. Anakuja Kisumu mwenyewe mwezi wa Desemba kukiona, anasema anataka kuwashika mikono wale akina mama.

Na anataka mtu wa kumwongoza. Nitakuja naye, Robinson. Bila kiwanda nisingepewa likizo, wala tiketi. Hujui ilivyokuwa safari ile nilipoomba kuja kumzika mama, sikukuambia, lakini niliomba. Walisema nikiondoka nisirudi. Wewe kando ya shimo ulinipigia kelele kwamba nimechagua dola. Nilifunga simu kwa sababu hilo halikuwa uongo wote.

Mwambie Shangazi atafute mawe. Nitaweka la kwanza.

Nimekufungulia simu. Lakini jibu kwa barua. Nimezoea.

Dada yako,
Nangila


Kisumu,
22 Septemba 2024

Mulembe, Dada,

Shangazi alipiga yowe nilipomsomea, mpaka majirani wakaja na fimbo. Magoti yamepona. Ameshachagua mawe, na ameshagombana na mwenye mawe. Anyango anakusalimu. Alitaka nimsomee pale pa mikono mitupu mara ya pili, kisha akasema, "Huyo mama ana akili." Akanituma nikamnunulie uzi.

Hii ni barua ya tatu ninayoandika. Mbili nimechana. Ya kwanza ilisema kiwanda kinawasubiri kwa hamu. Ya pili ilisema kiwanda kimeungua. Ilikuwa nzuri, hiyo ya pili, moto ulikuwa mkubwa, na mimi niliokoa watu wawili.

Nikufungulie kila kitu. Nilikuwa nimeshapanga. Nimepata ukumbi wa kanisa kwa siku moja ya Desemba. Nimepata cherehani za kuazima kutoka kwa mafundi watano. Nimeongea na akina mama wa kwaya waje wakae nyuma ya cherehani hizo, wakanyage tu bila uzi. Kibao nimechora, kipo chini ya kitanda. Nikamwendea Anyango aje akae mbele kama fundi mkuu.

"Mgeni akiuliza mshahara wangu, nitasema nini?" akaniuliza.

"Utacheka, nitatafsiri mimi."

"Na dada yako?"

"Dada hatajua."

Akatoa mguu kwenye pedeli. "Robinson. Mtu anatoka ng'ambo kuja kuweka jiwe kwa kaburi la mama yake, na wewe unamtayarishia mchezo wa kuigiza? Hata kwa jamwa, hiyo ni mpya."

Nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka barabarani. Halafu nikakaa juu ya robota langu pale Kibuye, wateja wakapita wakishika viatu na kuviacha, sikuita hata mmoja. Nilikuwa nikihesabu ni nani atakuja kama nikisema, na ni nani atabaki huko. Najua msimamizi wako akisoma haya hatakata tiketi. Najua jiwe litabaki kwa mwenye mawe. Ndiyo maana niliandika kwanza zile mbili za uongo.

Anyango anasema atashona arobaini, mmoja mmoja, macho wazi, kila mmoja na leso, na hataki kuharakishwa na mzungu wala na mimi. Jeans nitachana mimi. Hiyo ni kweli, unaweza kumwambia msimamizi, na ukimwambia mwambie pia ni mwanamke mmoja, barazani, na cherehani ya kukanyaga, na maji yakija inapanda mezani.

Wewe njoo. Njoo hata bila tiketi yao, hata mwaka kesho, hata mwaka wa mbele. Nilikudanganya Februari kwa sababu ulikuwa umenyamaza muda mrefu, na niliona mtu mwenye shida zake hawezi kumwandikia mtu asiye na kitu, lakini Dairekta angejibiwa.

Kiwanda hakuna. Hakijawahi kuwapo hata siku moja.

Robinson